Maswali ya Wasomaji: Pedi Zako Zimebaki Milimita Ngapi?

Barua nyingi zilizofika safari hii zimeuliza jambo moja kwa njia tofauti: sehemu za breki zinazolika zibadilishwe lini? Nimechagua tano. Nitatumia maneno yanayotumika gereji, yaani pedi (vipande vinavyobana), diski (sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu), kalipa (kifaa kinachozibana pedi kwenye diski), ngoma (kikombe cha chuma cha breki za aina nyingine) na lainingi (tabaka linalobana ndani ya ngoma), ili msomaji akifika kwa fundi wake waelewane bila shida.

SWALI: Habari ya kazi, fundi. Naishi Mukono na kila siku ninaendesha Toyota Premio hadi katikati ya Kampala na kurudi. Fundi wa kwanza aliniambia kwamba pedi za mbele hubadilishwa kila kilomita 20,000, na mimi nimefikisha 23,000. Wa pili hakufungua gurudumu. Alichungulia kwa tochi kupitia matundu ya rimu, akasema niendelee tu mpaka zitakapoanza kupiga kelele. Nimsikilize yupi?
*Dada wa Mukono*

JIBU: Dada, wote wawili walikujibu kabla ya kupima, na ndiyo sababu majibu yao yanapingana. Pedi hailiki kwa kilomita bali kwa kubanwa: imebanwa mara ngapi, kwa nguvu gani na katika joto gani. Gari linalotoka Kampala alfajiri kwenda Gulu linaweza kwenda mwendo mrefu dereva akigusa breki kwenye matuta na vituo vya biashara tu, ilhali lako, kuanzia Bweyogerere hadi Nakawa, hukanyagwa na kuachiwa, hukanyagwa na kuachiwa, muda wote wa foleni. Nimewahi kutoa pedi zilizokwisha kabla ya kilomita 20,000, na nimewahi kuzirudisha mahali pake pedi zilizopita 60,000 kwa sababu zilikuwa bado na unene wa kutosha.

Kinachoamua ni unene wa lile tabaka la msuguano lililoshikamana na bamba la chuma. Pedi mpya ya gari dogo kama lako huwa na tabaka la takriban milimita 10 hadi 12. Wapo watengenezaji wa magari wanaoandika katika vitabu vyao kwamba kikomo ni milimita 1, na fundi anaweza kukuonyesha maandishi hayo. Hata hivyo mimi nakushauri ubadilishe zinapofika milimita 3. Tabaka jembamba hupitisha joto kwa haraka hadi kwenye pistoni (kisukumio cha ndani ya kalipa kinachoibana pedi) na mafuta ya breki. Tena pedi hailiki sawasawa kila mahali, hivyo panapoonekana milimita 2 upande wa juu, huenda kona ya chini imebakiwa na nusu yake. Wakati wa kupima, usihesabu bamba la chuma. Bamba lenyewe lina unene wa milimita kadhaa, na kosa la kulijumlisha limewafanya wengi waamini kwamba wana pedi nzuri wakati wamebakiwa na utando tu.

Fundi wa pili alikosea pale alipotegemea tochi. Kwenye matundu ya rimu huonekana pedi ya nje peke yake, na mara nyingi ya ndani, iliyo karibu na pistoni, ndiyo inayokwisha kwanza. Hilo hutokea hasa pale pini ambazo kalipa huteleza juu yake zinapokauka grisi au kuingiwa na vumbi na tope, jambo la kawaida kabisa kwa gari linalopita barabara za udongo mwekundu. Kalipa ikishindwa kuteleza, pedi ya ndani hufanya kazi ya mbili. Kwa hiyo omba gurudumu litolewe, gari likiwa limekalia stendi za chuma na si jeki peke yake, kisha zipimwe pedi zote nne za mbele kwa rula ya chuma au venia (kifaa cha kupimia unene) huku wewe ukitazama. Tofauti ya zaidi ya milimita 2 kati ya pedi ya ndani na ya nje katika gurudumu moja inaonyesha kwamba kalipa ina kasoro, na ukifunga pedi mpya bila kusafisha pini na kuzipaka grisi ya breki inayostahimili joto, umeweka fedha yako mahali palepale ilipoteketea ya kwanza.

Kuhusu kelele, pedi nyingi zina kibamba kidogo cha chuma kilichowekwa ili kigusane na diski tabaka linapokaribia kwisha, nacho hutoa mlio mwembamba unaochoma masikio. Onyo hilo ni zuri, lakini si kila pedi inalo. Baadhi huwa nalo kwenye pedi ya ndani tu, na pedi nyingi za bei ya chini hazina kabisa. Mlio wa asubuhi baada ya mvua ya usiku, unaotoweka ukishakanyaga mara tatu au nne, ni kutu nyepesi iliyojijenga juu ya diski. Huo usikutie hofu. Ukisikia mkwaruzo mzito wa chuma kwa chuma, tabaka limekwisha, bamba linachimba diski, na kila siku unayochelewa inaongeza diski kwenye gharama ambayo ingekuwa ya pedi peke yake.

Ninalokuomba ni kuwa na daftari dogo ndani ya gari. Fungua wiki hii, upime, uandike tarehe na unene. Kama Januari palikuwa na milimita 8 na Julai pana 5, umejua kwamba gari lako, katika njia yako na kwa mguu wako, hula nusu milimita kwa mwezi, na kwamba una miezi minne kabla ya kufika 3. Hiyo ndiyo ratiba ya kweli, na fundi hawezi kukutajia kabla hujaipima wewe.

Jambo la mwisho kwako: pedi zinapoliwa, pistoni husogea nje na kiwango cha mafuta ya breki katika kopo lake hushuka polepole. Ukikuta yameshuka karibu na alama ya chini, au taa nyekundu ya breki ikawaka kwenye dashibodi, usikimbilie kuongeza. Kwanza tafuta kama pedi zimeisha au kama kuna mahali panapovuja. Anayeongeza bila kuangalia huizima taa iliyokuwa inamwambia ukweli.

SWALI: Ndugu fundi, mimi ni dereva wa Hiace ya abiria kati ya Kabale na Kisoro. Pedi nilibadilisha miezi mitatu iliyopita na ni nene. Lakini nikiwa nimejaza, katikati ya mteremko pedeli huanza kulegea na kuzama, nikiipampu hurudi. Nikifika chini na gari likapoa, breki huwa nzuri kama kawaida. Fundi anasema niongeze pedi za nguvu zaidi.
*Dereva, Kabale*

JIBU: Ndugu dereva, barua yako nimeiweka mbele ya nyingine kwa uzito, ingawa imechapishwa ya pili. Tafadhali usipakie abiria tena kabla hujafanya ninayoyaeleza hapa, kwa sababu dalili uliyoieleza ni ya mafuta ya breki yanayochemka, na pedi mpya haziwezi kuyazuia.

Mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewa kupitia mipira (mabomba ya raba yanayopitisha mafuta) na kifuniko cha kopo, hata gari likiwa limesimama. Yale yaliyoandikwa DOT 3 (DOT na namba yake ni daraja la mafuta) yanapokuwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi joto 205 za Selsiasi. Yakishafyonza maji hadi asilimia 3.7, kiwango kinachotumika katika kipimo cha mafuta yaliyozeeka, kikomo hicho hushuka hadi nyuzi 140. DOT 4 huanza na 230 na kushuka hadi 155. Mafuta yakichemka ndani ya kalipa hutoa mvuke, na mvuke, tofauti na mafuta, hukubali kubanwa. Mguu wako unabana viputo badala ya kusukuma pistoni, na pedeli inazama. Unapopampu unasukuma mafuta zaidi kujaza nafasi ile, hivyo unapata breki kwa muda mfupi. Gari likipoa mvuke hurudi kuwa kimiminika, nawe unafika gereji ukiwa na breki nzuri na fundi asiyeona kosa lolote.

Fikiri kazi unayoipa breki hizo. Gari lenye uzito wa kilo 2,800 likishuka mteremko unaoliteremsha mita 400 kwa wima, nishati inayopaswa kugeuzwa kuwa joto ni sawa na kulisimamisha kutoka mwendo wa kilomita 80 kwa saa takriban mara 16 mfululizo. Ukishuka na gia ya juu huku mguu ukikaa juu ya breki, karibu joto hilo lote huingia katika diski, pedi na ngoma, na hakuna muda wa kupoa kabla ya kona inayofuata. Shuka na gia ileile ambayo ungeitumia kupanda mlima huo, na uiingize kabla ya mteremko kuanza, injini ibebe sehemu kubwa ya mzigo. Breki uzikanyage kwa nguvu ya wastani kwa sekunde chache, uziachie zipoe, kisha ukanyage tena.

Sasa kuhusu kubadilisha. Mafuta ya breki huhesabiwa kwa miaka, wala hayangoji dalili. Kwa gari la kawaida nasema miaka 2. Kwa gari linaloshuka milima ya Kigezi likiwa na abiria, nasema kila mwaka. Soma maandishi yaliyo juu ya kifuniko cha kopo. Panapoandikwa DOT 3, unaweza kutumia DOT 4, kwa kuwa ni jamii moja na inastahimili joto zaidi, lakini DOT 5 ya silikoni usiichanganye nayo kamwe. Nunua chupa ndogo iliyofungwa kiwandani, ufungue wewe mwenyewe, na kinachobaki usikihifadhi kwa ajili ya mwaka ujao. Mafuta ya zamani yatolewe yote kwa kupitia kila gurudumu mpaka yatoke safi. Kufyonza yaliyomo katika kopo tu na kujaza mapya huacha mafuta mabovu ndani ya kalipa, mahali hasa panapochemka. Wala mtu asikudanganye kwamba mafuta ya injini au ya usukani yanaweza kufaa kwa dharura. Hayo huvimbisha raba zote za mfumo, na baada ya siku chache hakuna silinda itakayofanya kazi.

Wakati mafuta yanatolewa, mwombe fundi aikague mipira ya breki inayoelekea magurudumuni. Ikunje kidogo kwa mkono, utazame kama kuna nyufa; kisha mtu akanyage pedeli kwa nguvu wakati wewe unatazama kama kuna mahali panapotuna. Mpira wenye ufa unaofika kwenye nyuzi, au unaotuna, hubadilishwa siku hiyohiyo, hata kama hauvuji.

Naongeza tofauti hizi kwa faida ya madereva wengine, kwa sababu mara nyingi zinachanganywa. Pedeli inayolegea kukiwa na joto tu huelekeza kwenye mafuta. Inayolegea tangu asubuhi gari likiwa baridi huelekeza kwenye hewa ndani ya mabomba au mahali panapovuja. Inayozama taratibu ukiishikilia kwa dakika moja gari likiwa limesimama, bila kuonekana mvujo wowote nje, huelekeza kwenye raba za silinda kuu, ile inayosukuma mafuta unapokanyaga pedeli. Na ile inayobaki ngumu kama jiwe lakini gari halisimami inavyopasa ni habari nyingine: ama pedi zimepata joto kupita kiasi zikapoteza msuguano, ama busta, kifaa kinachouongezea mguu nguvu, haisaidii.

Ikitokea tena kabla hujafika gereji, pampu pedeli haraka, teremsha gia moja baada ya nyingine, na uvute breki ya mkono kidogo kidogo ukiwa umeshikilia kitufe chake ili uweze kuiachia magurudumu yakianza kuteleza. Breki ya mkono ya gari lako huvutwa kwa waya na haihitaji mafuta yanayochemka.

SWALI: Usukani na pedeli vinatetemeka ninapofunga breki nikiwa kwenye kilomita 80 kwa saa au zaidi. Fundi mmoja anasema diski zimepinda na zikerezwe. Mwingine amenipatia diski za mtumba. Pedi ni nzuri. Nifanye nini?
*Msomaji, Mbale*

JIBU: Watu wengi husema diski imepinda, na mara chache huwa kweli. Mara nyingi zaidi unene wake umetofautiana kutoka mahali hadi mahali, kwa sehemu ndogo mno isiyoonekana kwa jicho, au nyenzo za pedi zimegandia sehemu moja ya uso wake. Diski hulika bila usawa inapokuwa haikukaa wima kwenye habu (kitovu ambacho diski na gurudumu hufungwa). Watengenezaji wengi huruhusu mchezo wa kando wa takriban milimita 0.05 tu, na kutu kidogo kati ya habu na diski, au nati za gurudumu zilizokazwa kwa kukanyagia spana, upande huu sana na ule kidogo, vinatosha kuvuka kipimo hicho. Kwa hiyo, kabla ya kukereza, itolewe diski, habu isuguliwe mpaka chuma kionekane, na nati zikazwe kwa kuvukana na kwa nguvu sawa.

Ukerezaji unakubalika kama diski itabaki juu ya kikomo chake. Kikomo hicho kimepigwa chapa kwenye diski yenyewe, pembeni au karibu na habu. Chukua mfano wa diski iliyokuwa milimita 22 ikiwa mpya na yenye kikomo cha 20: ukiipima kwa maikromita (kifaa cha kupimia unene kwa usahihi mkubwa) katika sehemu kadhaa ukapata 20.6, kukereza milimita 0.3 kila upande kutaifikisha kikomoni siku ileile, na haitadumu. Hiyo nunua mpya, tena zote mbili za mbele kwa pamoja. Kwa ngoma za nyuma hesabu ni kinyume, maana ngoma hupanuka inapoliwa. Ile ya milimita 200 kwa kawaida hukataliwa ikipita 201.

Diski za mtumba sizikatai kwa jina, lakini zipimwe dukani kabla hujalipa, na zikiwa na mifereji mirefu au mistari ya nyufa zirudishwe. Pedi na mipira ya mtumba nazikataa moja kwa moja.

Nina swali kwako pia: je, ukitoka safari hupitia mahali pa kuoshea magari kabla ya kufika nyumbani? Maji baridi ya presha yakipiga diski yenye joto la mteremko wa Kapchorwa, huipoza upande mmoja kwa ghafla, na hapo diski inaweza kupinda kikweli. Ipe nusu saa.

SWALI: Pedi za gurudumu la kushoto mbele zimekwisha, za kulia zimebaki nusu. Naweza kubadilisha za kushoto tu? Na kwenye maduka nitazijuaje zile feki?
*Mzee mwenye pikapu, Busia*

JIBU: Mzee wangu, badilisha zote nne za mbele. Pedi mpya na kuukuu hazishiki sawa, na gari litavuta upande mmoja hasa siku utakapofunga breki kwa ghafla kwenye lami yenye maji. Kisha tafuta kwa nini kushoto kumekwisha kwanza. Baada ya safari fupi, sogeza kiganja karibu na rimu za mbele bila kuzigusa. Kama ya kushoto ina joto zaidi waziwazi, pistoni au pini za kalipa zimekwama na breki haiachii.

Kuhusu feki, iwe Busia au kwenye maduka ya spea ya Kisekka mjini Kampala, toa pedi ndani ya boksi kabla ya kulipa. Nyuma ya bamba au ubavuni mwa tabaka panapaswa kuwa na jina la mtengenezaji na namba zilizochapwa vizuri. Pedi nyingi zina mfululizo wa herufi na namba unaoishia kwa herufi mbili: ya kwanza inaonyesha msuguano katika joto la kawaida na ya pili katika joto kali. E ni kati ya 0.25 na 0.35, F kati ya 0.35 na 0.45. Kwa pikapu inayobeba mzigo ningetafuta FF, nisinunue EE. Herufi hizo hazisemi pedi itadumu muda gani, na mghushi anaweza kuzichapa pia, kwa hiyo tazama na tabaka lenyewe: likimomonyoka kwa ukucha au likionyesha mwanya lilipoungana na bamba, liache hapohapo mezani.

Zikishafungwa, usiondoke na mzigo siku hiyo. Tafuta barabara tulivu, uende kilomita 50 kwa saa, upunguze kwa upole hadi 10 bila kusimama kabisa, urudie kama mara 20 huku ukiziacha zipoe kila baada ya mara chache. Na fundi wako asipulize vumbi la breki kwa mdomo au kwa pampu ya hewa. Baadhi ya lainingi, hasa za zamani, zimetengenezwa kwa asbesto, inayoharibu mapafu miaka mingi baadaye. Apanguse kwa kitambaa chenye maji. Ninawajua vijana wengi wa gereji ambao hawajawahi kuambiwa hili, na linaniumiza.

SWALI: Nimepokea gari lililotumika Japani, limepitia Mombasa. Pedi ni kama mpya. Kuna haja ya kugusa breki?
*Msomaji, Entebbe*

JIBU: Ipo. Gari hilo limekaa bandarini, melini na kwenye yadi kwa wiki au miezi, na hewa yenye chumvi. Hujui mafuta ya breki yaliwekwa mwaka gani, kwa hivyo yabadilishe yote sasa na uandike tarehe. Toa magurudumu manne, uhakikishe kwamba pini za kalipa zinateleza na kwamba raba za pistoni hazijapasuka. Fungua ngoma za nyuma kama unazo: lainingi mpya huwa na takriban milimita 4 hadi 5, nami huzibadilisha zinapobaki 1.5. Ukikuta unyevu wa mafuta ndani ya ngoma, silinda ya gurudumu inavuja, na lainingi zilizolowa hazisafishiki. Zinabadilishwa pamoja na silinda, pande zote mbili. Kutu ya juu ya diski itafutika kwa safari moja ya Kampala na kurudi, lakini ukiona baada ya safari hiyo pamebaki doa lenye umbo la pedi ambalo unalisikia chini ya mguu, peleka diski zikapimwe kama nilivyomweleza msomaji wa Mbale.